Ndoana Inapomwingia Mvuvi

Wazee wangu na ndugu wavuvi, assalamu alaykum. Nimeombwa nizungumze juu ya ndoana inapomwingia mvuvi badala ya samaki, nami nitaanza na umbo lake, kwa kuwa matibabu yote yanatoka humo. Karibu na ncha pana kijino kinachoelekea nyuma, kilichowekwa ili samaki, kama vile changu, aliyekwisha kumeza chambo asichomoke. Kikishapita chini ya ngozi, ukiivuta ndoana irudi ilikotoka, kijino hicho hupasua nyama mpya, na kidonda kidogo hugeuka kikubwa.

Ikiwa haikuzama sana, zungusha uzi imara wa mshipi kwenye pindo la ndoana. Mwenzako aukandamize mpini, yaani ule upande wa ndoana ulionyooka, kuelekea ngozini ili kijino kiachie nyama, kisha uzi uvutwe mara moja kwa nguvu, sambamba na ngozi, watu wote wakiwa wamekaa kando kwa sababu ndoana hutoka kwa kuruka. Ikiwa imezama na ncha imekaribia kutokea upande wa pili, huko zahanati huisukuma mbele baada ya ganzi, hukata kijino kwa koleo, na mpini ukarudishwa kwa njia uliyoingilia. Chombo kisicho na koleo la kukatia waya, kwa maoni yangu, hakijawa tayari kwenda baharini, hata kikiwa na tanga jipya.

Jichoni ni habari nyingine kabisa. Nakusihini, msiiguse. Kateni uzi, funikeni jicho kwa kikombe kisicholigandamiza, mkampeleke mgonjwa hospitali. Ya shingoni na ya kwenye kiungo pia muwaachie matabibu.

Baada ya ndoana kutoka, osheni kidonda kwa sabuni na maji safi mengi, kwa maana maji ya chumvi yenye joto yana vijidudu, na mwenye kisukari au maradhi ya ini huweza kuzidiwa ndani ya siku moja. Uwekundu ukisambaa, au yakizuka malengelenge, msingoje kesho. Ulizeni pia habari ya chanjo ya pepopunda.

Ajali nyingi hutokea samaki anapopapatika chomboni na ndoana ingali kinywani, au ndoana iliyonasa mwambani inapochomoka ghafla kuelekea usoni. Mkandamizeni samaki kwanza kwa kitambaa kinene, na ndoana ikinasa mwambani, geuzeni uso kabla ya kuvuta. Kijino nacho chaweza kubanwa kwa koleo kikalala, na samaki hatoroki maadamu uzi umekazwa. Anayevua na mtoto wake aanze kubana vijino vya ndoana za mtoto.