Tope la mfereji nani alipie?

Habari za jioni wana Moshi, asanteni kwa kuja. Leo tuongelee hela ya kuchimba tope linaloziba mifereji, mitaro na mito, na najua kuna mtu anajiuliza mifereji ya pwani inatuhusu nini sisi wa mlimani, subirini kidogo.

Kule Florida, Marekani, kuna mji unaitwa Cape Coral, una mifereji zaidi ya kilomita 600, watu wamejenga pembeni kabisa ya maji na boti imefungwa nyuma ya nyumba. Mchanga ukijaa boti haitoki. Sasa jirani zao Punta Gorda, wenye nyumba za kwenye mfereji wanalipa tozo yao kila mwaka, mbali na kodi ya kawaida, na ile hela ni ya mifereji na kuta zake tu. Virginia Beach nako, jimbo la Virginia, mji unachimba njia kuu, halafu vile vijia vya mtaani wenye nyumba wakikubaliana wanaongezewa kodi mpaka gharama irudi.

Mimi huo utaratibu naukubali na wala sio mgeni kwetu, mifongo ya Wachagga, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, si ilikuwa hivyo hivyo jamani, unatumia maji unaenda msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuzibua, hujaenda unapigwa faini au maji yanakupita.

Ila kwa Jangwani pale Dar haitoshi. Tope linaloziba mto Msimbazi halikuanzia Jangwani, limeteremka na mto toka huko juu Pugu, sasa utamdai vipi aliye chini peke yake, na yeye mafuriko yameshamlowesha mpaka godoro? Wa juu naye achangie. Na wa juu ni sisi pia, udongo wa mashamba yetu unaingia mto Rau, na maji yetu yanaishia mto Pangani.

Halafu hela ikipatikana itumike vizuri. Mmeshaona skaveta inachota tope mtaroni inalimwaga palepale ukingoni, wiki inayofuata mvua inalirudisha lote ndani! Tope likitoka nusu yake ni maji, linatakiwa liachwe likauke mahali palipotengwa, kisha tipa zilipeleke mbali, na hiyo kazi ya kulibeba inakula hela nyingi sana, bajeti isiyoitaja ni bure kabisa.

Kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme, toka 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Ninachoomba ni sehemu ya hela hiyo irudi halmashauri ikiwa na fungu lake la mitaro na mito, kila mwaka, sio kusubiri watu wafe ndo tuchangishane. Mwaka wa fedha unaanza Julai, masika yameshaisha, kwa hiyo mkandarasi akipatikana Agosti anachimba pakavu kabla ya vuli. Mbaneni diwani wenu kabla bajeti haijapitishwa, muulizeni hilo fungu lipo ukurasa wa ngapi.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, karibu.