Amaiur Haikuangushwa na Wageni Peke Yao

Ahsante mwenyekiti. Orodha ya wafalme wa Navarra, ule ufalme mdogo wa zamani kati ya Hispania na Ufaransa, nawaachia mkaisome wenyewe. Inatosha kukumbuka kwamba mwaka 1512 majeshi ya Ferdinand, mtawala wa Kastilia, ufalme mkuu wa Hispania, chini ya Duke wa Alba, yaliiteka Navarra, na mfalme wake akakimbilia ng'ambo ya milima ya Pirenei.

Amaiur ni kijiji kidogo cha bonde la Baztan, karibu na mpaka wa Ufaransa: mtaa mmoja mrefu, tao la kuingilia, na kilima kwa juu. Kilimani ndipo palipokuwa na ngome. Mwaka 1521 ilitekwa na Wafaransa pamoja na Wanavarra waliobaki watiifu kwa mfalme. Julai 1522 wapiganaji wapatao 200, wakiongozwa na Jaime Vélaz de Medrano, wakazingirwa na maelfu ya askari wa upande wa Kastilia. Tarehe 19 wakasalimu amri. Jaime na mwanawe Luis wakafia gerezani Pamplona siku chache baadaye, na watu wakanong'ona: sumu.

Hapo sasa ndipo wasimulizi wanaponikera. Wabaski, watu wa asili wa eneo lile wenye lugha yao, huku, Wahispania kule, basi, hadithi imekwisha. Hapana! Nimelisema hili mpaka wanafunzi wangu wananiigiza sauti. Miongoni mwa walioizingira ngome ile alikuwamo Luis de Beaumont, bwana wa Lerín, Mnavarra halisi. Watu wa Beaumont na wa Agramont, makundi mawili hasimu ya Wanavarra, walikuwa wakichinjana tangu karne ya 15, kabla Ferdinand hajatia mguu pale. Ignatius wa Loyola, Mbaski wa Gipuzkoa aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti, alivunjwa mguu Pamplona Mei 1521 akiipigania Kastilia. Na Miguel, kaka yake Francis Xavier yule mmisionari, alikuwa ndani ya Amaiur, upande wa pili kabisa! Inasimuliwa kwamba alitoroka gerezani amevaa nguo za kike. Haya, nionyesheni "upande wa Wabaski" ni upi.

Namwona bwana wa nyuma pale anajiuliza sisi yanatuhusu nini. Xavier huyo, mdogo wa Miguel, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Ameandika katika barua kwamba mwenyeji mmoja Mwislamu alimlalamikia: misikiti 17 mjini, inayoswaliwa ni mitatu tu; je, na nyinyi Wakristo mmelegea hivyo? Mtu aliyeulizwa swali hilo alikuwa ametoka katika nyumba ambayo minara yake ilibomolewa kwa amri ya Kardinali Cisneros, aliyekuwa akishikilia utawala wa Kastilia, Xavier akiwa bado mtoto. Kwa hiyo bwana, yanatuhusu.

Turudi kilimani. Baada ya 1522 ngome ilibomolewa. Mwaka 1922 ukasimamishwa mnara wa kuwakumbuka watetezi wake, na wasomi wa Navarra wakavaana magazetini: mashujaa hawa, au wasaliti? Mwaka 1931 mnara ukalipuliwa kwa baruti. Ukajengwa tena 1982. Miaka mia nne na ushee baada ya vita, mtu bado anaona inafaa kutafuta baruti! Halafu mnaniambia ni magofu tu.

Nilitaka kuwaeleza wanaakiolojia wa Aranzadi, jumuiya ya kisayansi ya Wabaski, na watu wa kujitolea waliofukua kuta, na kinu cha maji cha kijijini kinachosaga mahindi, lakini mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa. Mwenye swali kuhusu Agramont anyooshe mkono. La Wabaski dhidi ya Wahispania nimeshalijibu.