"Stone" si jiwe tu

Mbukwenyi watu wa Dodoma! Leo neno moja tu: "stone". Shuleni tuliambiwa ni jiwe, tukafunga daftari. Lifungueni tena.

Tuanze na mizani. Mwingereza akisema ana "eleven stone", anataja uzito wake. Stone 1 ni ratili (pound) 14, yaani kilo 6.35, kwa hiyo huyo ana kama kilo 70. Sasa tazameni hapa kwenye fomu ya uzito: 11st 12. Hiyo 12 si desimali, ni ratili zilizobaki. Chukua 11 mara 14, unapata 154. Ongeza 12, ni 166. Zidisha kwa 0.4536, ndiyo kilo za ratili moja: kilo 75.3. Ukibonyeza 11.12 mara 6.35 unapata 70.6, karibu kilo tano zimeyeyuka, na hiyo fomu umeshaisaini! Hutakuta 11st 15, maana ratili zikifika 14 ni stone nyingine. Na kwenye uzito hawaweki s ya wingi. Mmarekani yeye hesabu zake ni ratili tupu, stone haimhusu.

Kwenye matunda ni kokwa. Embe, parachichi, tende, zote zina stone. Zabibu zetu hazina. Kile kimbegu ni "pip" au "seed". Kopo la zeituni likiandikwa "may contain stones", hakuna aliyechanganya kokoto. Wanakuonya utafune taratibu, kuna kokwa zimebaki.

Patamu ni "stoned". Tende ikiwa hivyo, imetolewa kokwa. Stefano kwenye Matendo ya Mitume alipigwa mawe. Jirani wa London akisemwa hivyo, kavuta bangi, hajielewi. Angalia nani anatajwa kabla hujampa mtu pole.

Hospitalini "kidney stones" ni mawe ya figo, hapo hakuna mtego. Kwa wanunuzi wa vito, kama wale wanaofuata rubi za Winza kule Mpwapwa, "stone" ni kito, na bei inatajwa kwa karati: gramu 1 ni karati 5, msije mkachanganya.

Mkimpeleka mgeni Kolo, Kondoa, kwenye ile michoro, semeni "rock paintings". Mwamba ni "rock"; "stone" ni lile unaloweza kuliokota ukarusha. Ila Mmarekani hata hilo la kurusha ataliita "rock". Mwacheni.