Saini ya Kamati Kabla ya Malipo ya Mkandarasi

HALIMA: Karibu, msikilizaji. Leo tuko kwenye serikali za kaunti hapa Kenya: ushirikishwaji wa umma unabadilishaje huduma yenyewe? Mutua, anza na kalenda, maana hapo ndipo wengi huachwa nyuma.

MUTUA: Wengi husubiri mkutano wa bajeti wa Aprili au Mei. Wamechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Februari 28 ni mkakati wa fedha, ambapo kila idara inawekewa kikomo chake. Aprili 30 ni makadirio ya bajeti. Ukija Mei kuomba zahanati, itabidi pesa zitolewe kwa mradi wa wenzako.

HALIMA: Na hata ukiwahi Septemba, ukiomba jengo utapewa jengo. Ndiyo maana tunaona zahanati zimepakwa rangi na mlangoni kuna kufuli. Jengo liko kwenye fungu la maendeleo. Muuguzi, dawa na umeme viko kwenye matumizi ya kawaida, ambayo barazani hayatajwi kabisa. Uliza: mshahara wa muuguzi uko ukurasa gani wa bajeti?

MUTUA: Na huo ukurasa uupate mapema. Ukinyimwa, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Taja waraka, mwaka wa fedha na jina la mradi. Ofisi ina siku 21 kujibu. Barua inayosema tu "nataka habari za maji" ni rahisi kuikwepa.

HALIMA: Lakini ubora, kwangu mimi, huamuliwa pale kazi inapofanyika. Makueni, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, walijenga mabaraza kuanzia kijijini hadi kaunti. Kilicholeta nidhamu zaidi ni kamati ya mradi: wananchi watie saini kwanza, ndipo mkandarasi alipwe.

MUTUA: Saini bila BQ, yaani orodha ya vifaa, vipimo na bei za kazi, haina kazi. Kamati ipate nakala ya BQ na mchoro siku mkandarasi anapokabidhiwa kiwanja. Ikiwa imeandikwa zege la 1:2:4, basi ni kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto, kwa chombo kilekile. Wilbaro ya mchanga iliyofurika imeshaharibu hesabu. Maji yakizidi, zege humwagika kwa urahisi lakini nguvu zake hupungua. Kisha linyweshwe maji angalau siku 7. Penye ukame, maji yakiwa ya kununua, hapo ndipo wakandarasi hukwepa.

HALIMA: Nondo nazo zihesabiwe kabla zege halijamwagwa, na picha zipigwe. Baada ya hapo huoni kitu.

MUTUA: Kamati zenyewe hutekwa, hilo tuliseme wazi. Mwakilishi wadi akiteua watu wake, saini inakuwa ya kuuzwa. Wachaguliwe hadharani na wanaotumia huduma hiyo, na jamaa wa mkandarasi asikae humo.

HALIMA: Na baraza lisiitishwe asubuhi ya siku ya soko! Wanawake wanaoteka maji ndio wanaojua kioski kipi cha maji hukauka mwezi gani. Wakikosekana, bomba linapitishwa mahali pasipofaa, na kulihamisha ni gharama.

MUTUA: Jambo la mwisho ni pesa za dhamana. Sehemu ya malipo ya mkandarasi, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, hushikiliwa katika kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6. Kamati nyingi hutawanyika siku ya uzinduzi, paa likavuja mvua ya kwanza na hakuna anayeandika. Pitieni mradi mvua ikinyesha, orodhesheni kasoro, mpeleke barua kwa injinia wa kaunti na nakala kwa bunge la kaunti kabla miezi hiyo haijaisha. Pesa hizo zikishatoka, ukarabati unarudi kwenye bajeti yenu, kwenye foleni ya Septemba.