Bamvua Asubuhi, Asumini Magharibi

MPWA: Karibuni tena kipindini. Shangazi, shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Hujambo?

MPWA: Sijambo. Leo naanza na kilio cha wasikilizaji. Mtu anataka picha ya mashamba ya mwani pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, jua likichomoza, maji yametoka mpaka mbali. Anaamka usiku, anafika, anakuta bahari imejaa.

SHANGAZI: Na akienda kwenye bamvua jingine, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, atakuta vilevile. Sikilizeni jambo hili, maana mimi limenila miaka. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, si ndiyo? Huku Unguja, siku hizo maji hujaa kama saa kumi na hupwa kama saa nne. Saa nne asubuhi, saa nne usiku. Mwezi huu hivyo, mwezi ujao hivyo.

MPWA: Lakini saa za maji si husogea?

SHANGAZI: Husogea, kama dakika 50 kila siku. Ila mpaka kupwa kufike alfajiri, siku zaidi ya wiki zimepita, bamvua limekwisha, yamebaki maji mafu, yale ya kupanda na kushuka kidogo. Na maji mafu hayaendi popote, mashamba hayatoki vizuri. Bamvua bahari inapanda na kushuka karibu mita 4, ndipo akina mama wanapoingia kufunga mbegu kwenye kamba.

MPWA: Basi wekundu wa alfajiri na maji ya mwisho kutoka havikutani.

SHANGAZI: Havikutani. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mkulima. Aliniona nimekaa mchangani tangu alfajiri, akaniuliza nangoja nini.

MPWA: Sasa saa nne jua kali. Sote tumefundishwa tuweke kamera begani tuondoke.

SHANGAZI: Ushauri huo haukuujua mchanga wa Paje. Mchanga ule mweupe unarudisha mwanga juu, unaingia chini ya ukingo wa kofia, unamwangaza mtu uso ambao kwingine ungekuwa kivuli kitupu. Mimi nafunga filta ya kuondoa mng'ao wa maji, halafu sielekei baharini wala nchi kavu. Jua liko mashariki, kwa hiyo naelekea Bwejuu, kaskazini, au naelekea Jambiani, kusini, liwe ubavuni mwangu. Filta inafanya kazi sawasawa jua likiwa ubavuni. Maji yanakuwa kama kioo, unaona kamba, vijiti, mpaka kivuli cha kamba chini.

MPWA: Na msimu?

SHANGAZI: Msimu wa upepo wa kaskazi, maji yametulia. Kusi, upepo wa kutoka kusini, linakurushia chumvi kwenye lenzi kila dakika. Stendi ya kamera, ukitoka tu, ioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi.

MPWA: Tuingie nyuani. Hapa nina langu la kusema. Mwaka mmoja nilipiga picha ya mlangilangi, mti wa maua ya harufu, kwenye ua wa nyumba moja, mwenyewe kaniruhusu kwa moyo mkunjufu. Nikaiweka mtandaoni. Simu ilikuwa imehifadhi mahali nilipoipigia, na nilipoiweka, pahala pakaonekana. Wiki ile ile wageni wakaanza kupiga hodi, wanataka kuingia kupiga picha. Yule mama anaishi na binti zake. Nilikwenda kumwomba radhi, na hata leo nikipita mlango ule nainamisha kichwa.

SHANGAZI: Ni haki yako kuinamisha. Ua wa Kiswahili ndipo mwanamke anapokaa kichwa wazi. Mimi siku ya kwanza siendi na kamera. Napiga hodi, nakaa, naletewa kahawa, naulizwa mimi wa wapi. Siku ya pili namwuliza mwenyewe: nini kisionekane? Ataniambia kamba ya nguo, mlango wa chumba, mtoto. Na kabla sijatoka namwonyesha kila picha. Asiyoitaka, naifuta pale pale anaona.

MPWA: Mahali pa simu sasa nazima kabla sijatoka nyumbani.

SHANGAZI: Vizuri. Haya, asumini yenyewe. Mchana ni matumba yamefumba. Njoo karibu na magharibi, ndipo inapochanua na harufu inapotoka. Upepo ndani ya kuta umelala, unaweza kupiga taratibu bila asumini kutikisika. Ila majani ya kijani kizito yanaidanganya kamera, inadhani giza, inaongeza mwanga, na petali zinakuwa kama karatasi. Punguza mwanga mpaka uone mikunjo yake.

MPWA: Na mrehani?

SHANGAZI: Mrehani upige unapochumwa kwa ajili ya kikuba, kile kishada cha maua na majani ya harufu cha kujipambia. Mkono uonekane, kama mwenye mkono ameridhia.

MPWA: Wiki ijayo mwezi unaandama.

SHANGAZI: Siku mbili baada yake, saa tatu asubuhi tuwe tumeshafika Paje. Wewe chukua ndoo ya maji baridi, mimi nitabeba picha za yule mama wa mwani. Nilimwahidi tangu kaskazi iliyopita.