Mnaoniuliza kuhusu yale mabomba ya chuma: leo nawajibu

Jamani habari zenu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sitatembea, nimekaa hapa jikoni, kwa sababu kuna swali limenifuata mpaka nimeona nilijibu mara moja tulimalize.

Kila nikiweka video ya bomba la maji la zamani, lile la chuma lenye nguzo na paa la nakshi, komenti ni zile zile. "Kaka, wenzako wanajenga, wewe unapiga picha vyuma vya Wazungu." "Tuonyeshe njia ya viza, hayo mambo ya makumbusho tuondolee." Na mmoja, ni mtu wa Tanga na ni kaka yangu kwa umri, kaandika kwamba tangu nifike Glasgow, huku Scotland, nimeanza kujiona. Hilo la mwisho limeniuma, sifichi.

Sijionyeshi, kaka. Nauli natoa mfukoni mwangu, na nikienda mji wa Dumfries, kusini mwa Scotland, kuangalia chuma hicho na kurudi, pesa ya treni inakula sehemu kubwa ya nilichopata siku hiyo. Hakuna anayenidhamini. Na wale mnaosema nalalamikia nchi iliyonipokea, mtanisamehe, mtu anayelipa ada ya afya ya wahamiaji, pauni 1,035 kwa mwaka kwa kichwa kimoja kabla hata hajaumwa, na ada ya viza iko pembeni, ana haki ya kusema anachokiona.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimekulia kwenye karakana ya mjomba wangu pale Ngamiani, nikasoma chuo cha ufundi cha VETA, nikapata cheti, nimetengeneza mageti na matela mpaka nikasafiri. Hapa nilikipeleka cheti changu ofisi moja, sitaitaja. Wakataka muhuri, nikalipia. Wakataka barua ya kuthibitisha muhuri, nikalipia. Mwisho wananiambia nianze mafunzo upya ngazi ya chini kabisa, kwa gharama yangu, kwa sababu cheti "hakilingani". Miaka yote ile ya moto machoni, hakilingani. Basi nipo ghalani, zamu ya usiku, nabeba boksi kama mnavyosema. Kwa hiyo nikipita bustani ya Glasgow Green nikaona kazi ya chuma ya mwaka 1893 imesimama, mimi sipiti tu. Nasimama naangalia mafundi wenzangu walifanyaje.

Na walifanya kazi, jamani.

Hicho chuma si cha kukunja wala kuchomelea kama geti. Ni chuma cha kusubu. Kinayeyushwa, kinamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kikipoa kinatoka na kila jani na kila manyoya ya ndege uliyochonga kwenye kiolezo cha mbao. Kisha vipande vinafungwa kwa bolti. Kizimba kizima, nguzo, matao, paa lenye matundu ya nakshi, beseni la katikati, vikombe vya mnyororo, na chini mara nyingine kuna bakuli la mbwa, vyote vilikuwa kwenye katalogi ya kiwanda na namba zake. Halmashauri ya mji wowote inaandika barua Glasgow: tuleteeni namba fulani. Vinafungwa kwenye makreti vinasafiri, mpaka Australia, mpaka India, mpaka Afrika Kusini.

Waliovuma kuliko wote ni Walter Macfarlane na wenzake, kiwanda kikiitwa Saracen Foundry. Kilihamia Possilpark, kaskazini mwa jiji hili. Pale palikuwa shamba la bwana mmoja tajiri, mwaka 1872 wakazi walikuwa 10 tu, kufika 1891 walikuwa 10,000. Mtaa mzima umezaliwa na chuma. Kiwanda kilifungwa 1967 na kikabomolewa, limebaki jina la barabara, Saracen Street. Mimi napita hapo kwenda kununua unga wa sembe.

Sasa kwa nini walijenga mabomba ya bure? Hapa ndipo naomba mnisikilize, kwa sababu watu wanadhani ni mapambo ya Malkia Victoria. Ni kipindupindu. Sina haja ya kuwaeleza kipindupindu ninyi, mnakijua, na kila masika mnasikia tangazo. Glasgow ya wakati ule watu walibanana, maji ya visima na ya mto yamechanganyika na vyoo. Mlipuko wa 1853 na 1854 uliua hapa karibu watu 4,000. Jiji likaamua kuvuta maji kutoka ziwa la milimani, Loch Katrine, Malkia mwenyewe akaja kufungua tarehe 14 Oktoba 1859. Kipindupindu kiliporudi 1866, waliokufa Glasgow nzima ni 53. Rudia hizo namba mbili, mtu wangu. Karibu 4,000, halafu 53. Ni bomba hilo.

Liverpool walianza mapema zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa pamba, Charles Melly, aliona makuli wa bandarini wanashinda juani bila tone la maji, wakiwa na kiu hawana pa kwenda ila kilabuni kunywa bia. Mwaka 1854 akaweka bomba la kwanza bandarini. London wakafuata tarehe 21 Aprili 1859, pembeni mwa kanisa la St Sepulchre, kwenye uzio wake. Chama kiliundwa kwa kazi hiyo hiyo na mbunge Samuel Gurney na mwanasheria Edward Wakefield, na inasemekana bomba lile la kwanza lilinywesha watu mpaka 7,000 kwa siku. Hilo ni la mawe, si la chuma, lakini vikombe viwili vya mnyororo vipo hadi leo. Baadaye chama kikaongeza mabirika ya ng'ombe na farasi, kikabadilisha na jina.

Watu wa kanisa na wa kupinga pombe waliweka nguvu sana humo, ndiyo maana mengi yana maneno ya Biblia juu ya kiu. Sisi wa pwani hilo halitushangazi. Mtu anachimba kisima, anakiacha wazi kwa mpita njia, akifa thawabu zinaendelea kumfuata. Bibi yangu Pangani alikuwa anaweka mtungi na kata nje ya mlango kila siku ya Mungu, na hakuwa tajiri.

Haya, hali yake leo. Hapa ndipo na mimi nina neno langu.

Mengi hayapo. Vita ya pili ya dunia vyuma vilikusanywa kwa ajili ya silaha, nyuzio za bustani zikang'olewa, na baadhi ya mabomba yakaenda humo humo. Vikombe vya kushirikiana viliondolewa watu walipojua vinaambukiza magonjwa. Maji ya bomba yakaingia majumbani, haja ikapungua. Mengine yaligongwa na magari, mengine yakahamishwa barabara ilipopanuliwa.

Yaliyobaki yako namna mbili. Kuna yaliyoachwa, na kuna yaliyopendezeshwa.

Yaliyoachwa, ukisogea karibu unaona kosa liko wapi. Nguzo ni tupu ndani. Maji ya mvua yanaingia juu kwenye maungio, hayana pa kutokea, baridi ya Januari inayagandisha, barafu inatanuka, nguzo inapasuka kwa urefu. Nimeweka ukucha wangu kwenye ufa wa namna hiyo ukaingia. Kutu nayo ikikaa kati ya vipande viwili inavimba, inasukuma kipande cha nje mpaka bolti inakatika. Halafu rangi. Mtu wa bustani anapewa kopo kila baada ya miaka kadhaa anapaka juu ya rangi ya zamani, juu ya nyingine, mpaka uso wa simba unakuwa tonge. Na ukitaka kuchomelea ule ufa haraka haraka, umeumaliza. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kigumu lakini hakina uvumilivu. Ukikipasha sehemu moja kinapasuka pembeni. Inatakiwa ukipashe moto taratibu kipande kizima na utumie fimbo za nikeli, au ukishone baridi, unatoboa matundu kando ya ufa na kukaza pini na vifungo vya chuma bila moto kabisa. Kazi hiyo ipo, wanaoijua ni wachache, na mimi ningeifanya bure Jumapili kama ningeruhusiwa kugusa. Siruhusiwi. Cheti hakilingani.

Yaliyopendezeshwa sasa. Nenda mtaa wa Govan, hapa Glasgow, lile la kumbukumbu ya daktari John Aitken, la 1884, limekarabatiwa, linang'aa. Nenda Dumfries, mji ambao kipindupindu cha 1832 kiliua zaidi ya watu 400, wakavuta maji toka Loch Rutton 1851, na 1882 wakaweka chemchemi ya chuma katikati ya mji. Hiyo nayo imefunguliwa vipande, imepelekwa karakana, imerudishwa na rangi zake. Kazi nzuri, nawapa heshima zao zote. Bustani ya Alexandra Park, hapa Glasgow, kuna chemchemi ile kubwa ya Saracen iliyotengenezwa kwa maonyesho ya 1901, ikahamishiwa pale 1914. Hiyo si ya kunywea, ni ya kutazamwa, lakini ukitaka kujua uwezo wa kile kiwanda, anzia hapo.

Lakini vizimba vya kunywea, hata vilivyopakwa upya, nikifika naangalia beseni, ni kavu. Lile la Glasgow Green la 1893, la kumbukumbu ya James Martin, nalo nilikuta hakuna tone. Limesimama limependeza, mtoto anapita ana kiu mama yake anamnunulia chupa ya plastiki. Mimi hili silikubali. Bomba la maji lisilotoa maji mmeokoa chuma, hamjaokoa bomba. Waliotoa pesa zao mwaka ule hawakutoa kwa ajili ya picha.

Niliandika barua kwa ofisi moja inayohusika, kwa adabu, kuuliza kwa nini ukarabati haufiki kwenye bomba lenyewe. Nikajibiwa nijaze fomu. Nikajaza. Fomu ikarudi, nilijaza ya idara nyingine. Nikajaza ya pili. Wakati huo huo nikaomba kibali cha kurekodi bustanini na stendi ya kamera, wakataka nilete bima ya dhima, yaani ya kulipa nikimdhuru mtu, mtu na simu yake! Jibu lilipokuja lilikuwa la maana, nalisema kwa haki: bomba la kale mara nyingi ndani lina mifereji ya madini ya risasi, ambayo ni sumu, lazima ing'olewe. Maji ya kunywa lazima yapimwe kila mara, mtu awajibike. Mfereji mpya ni gharama, na maji yenyewe yana bili. Wanaotoa ruzuku wanatoa kwa ajili ya ukarabati wa mara moja, si kwa bili ya kila mwezi. Na likiwa kwenye orodha ya majengo ya urithi, hapa Scotland wana daraja A, B na C, huwezi kutoboa hata tundu la bomba jipya bila kibali. Naelewa kila hoja. Lakini London wameweka mabomba mapya ya umma, mwaka 2018 meya na kampuni ya maji walitangaza kuweka 100. Pesa ya kupima maji mapya ipo. Ingetoka kidogo ije kwenye haya ya kale.

Sasa msichukue maneno yangu mkasema Uingereza mbaya, au mkasema jamaa kachoka maisha. Hayo ni macho yangu, na mfuko wangu, na kinachonigusa mimi. Kuna ndugu zetu hapa hapa Glasgow wanamaliza mwaka hawajui Possilpark ina historia gani, na maisha yao yanakwenda vizuri tu, wanajenga, Mungu awaongezee. Kama wewe unakuja huku, tafuta kwanza kazi na karatasi zako. Usinifuate mimi kwenye mambo ya chuma halafu ukanilaumu.

Wale wa viza, nitafanya video yake, lakini sitawaambia "fanya hivi utapata", kwa sababu kila faili lina mambo yake na sheria zinabadilika.

Nina ombi kwa mlioko nyumbani, hasa Unguja, Mombasa, Lamu na kwetu Tanga. Seyyid Barghash alifika Uingereza 1875, akarudi akavuta maji ya Chemchem mpaka mjini Unguja, na Beit al-Ajaib ya 1883 ilisimama juu ya nguzo za chuma. Mnajua sehemu yake ilivyoanguka Desemba 2020. Chuma cha wakati ule kipo pwani yetu: nguzo za baraza, ngazi za kuzunguka, nguzo za taa, pengine na bomba. Mkipita, angalieni chini kabisa ya nguzo, karibu na ardhi, au kwenye kitako cha ngazi. Mafundi waliacha jina la kiwanda na mji, herufi ndogo zilizovimba. Msikwangue rangi, mtaharibu. Paseni kidole tu mtazisikia, halafu pigeni picha asubuhi au jioni jua likiwa pembeni, herufi zinatoka vizuri. Nitumieni inboksi na jina la mtaa, nitatafuta kiwanda kilikuwa wapi na kama nyaraka zake zipo. Nauli ya kwenda kwenye nyaraka najitegemea, kaka wa Tanga usiwe na wasiwasi.

Haya, zamu yangu inaanza saa nne usiku na basi halisubiri. Nitasoma komenti kesho nikiamka.