Kizazi kinatolewa kiasi gani? Operesheni ya saratani iliyowahiwa

Karibuni jamani, wa nyuma sogeeni huku viti vipo. Leo naongelea saratani ya mlango wa kizazi iliyowahiwa tu, maana uvimbe ukishafika sentimita 4 kwa kawaida hatushiki kisu, mama anaenda mionzi na dawa, ukimkata halafu ukamwongezea mionzi anabeba madhara ya vyote viwili.

Ile ya kuonekana kwa darubini tu, haijazama zaidi ya milimita 3 wala haijaingia kwenye vijishipa, na mama bado anataka kuzaa, tunakata kipande cha mlango chenye umbo la pia, kingo zikipimwa zikiwa safi basi imetosha, kizazi kinabaki.

Ikizidi hapo ndo kuna ile operesheni kubwa aliyoianza daktari Wertheim kule Vienna mwaka 1898, kinatoka kizazi, nyama za pembeni yake, sehemu ya juu ya uke na mitoki ya nyonga. Shida iko kwenye hizo nyama za pembeni, ndo kunapita neva za kibofu, kwa hiyo unapona saratani ila mkojo unakusumbua, wengine unagoma kutoka wengine unavuja tu, na hili wanawake hawalisemi, wanaona aibu hata kwa daktari. Sasa mwaka 2024 yakatoka majibu ya utafiti unaoitwa SHAPE, wanawake 700 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, nusu wakatolewa kizazi kwa njia ya kawaida bila kugusa sana pembeni, baada ya miaka 3 saratani ilirudi kwenye nyonga kwa asilimia 2.52, wa operesheni kubwa 2.17, yaani karibu sawa, na shida za mkojo zikawa chache. Mi nafurahi sana na hii.

Ila msichanganye kukata kidogo ndani na kutoboa kidogo nje! Hapa watu wanaliwa hela, wanaambiwa operesheni ya matundu, yaani vitundu vidogo tumboni badala ya kupasua, ndo ya kisasa. Utafiti wa LACC wa 2018, wanawake 631, operesheni kubwa ileile, waliopasuliwa tumbo asilimia 96.5 walikuwa hawana ugonjwa baada ya miaka 4 na nusu, wa matundu 86. Inashukiwa kile chuma cha kusukumia kizazi, au gesi ya kujaza tumbo, zinasambaza mbegu za saratani. Kwa hiyo ukiambiwa matundu, uliza kwa nini, kovu la tumbo sio kitu.

Na kwa asiyezaa mwenye uvimbe chini ya sentimita 2, daktari Dargent wa Ufaransa alionyesha unaweza kutoa mlango na nyama za pembeni yake ukaacha kizazi, chini ya kizazi panafungwa uzi, mimba inashika. Mtoto anatoka kwa kisu, na wengi wanazaliwa njiti, kwa hiyo kliniki ianze mapema na ujifungulie penye wodi ya njiti.